Mawifi Wawili, Kanda Moja

Fundi huyu wa kanda hajui kukaa. Marehemu mumewe alimpachika jina la Pia, kwa sababu alizunguka nyumbani tangu asubuhi, na siku akisimama, alisema mume, ataanguka. Sasa Pia ni bibi, magoti yanamsuta, lakini jina bado linamkaa. Anakaza skrubu moja, anainuka kuchungulia dirishani, anarudi, anaitafuta bisibisi meza nzima, kumbe iko mkononi.

Chumba chake cha mbele ndicho karakana. Kuna meza ndefu, taa ya shingo ya kukunja, chupa ya spiriti, vijiti vya pamba, wembe uliochomekwa kwenye kizibo ili usimkate mtu, na mashine za kanda, zile kubwa zenye magurudumu mawili, moja likitoa utepe na jingine likiupokea. Kwa miaka mingi mashine hizo zilikuwa za kuwekea vyungu vya maua. Siku hizi watu wanazitoa darini, wanazipangusa vumbi na kumletea Pia. Mwalimu wa hesabu kaleta ya baba yake. Wachumba wawili wamenunua ya kwao kabla hawajanunua kitanda.

"Sasa mtalala juu ya nini, juu ya muziki?" Pia aliwauliza.

"Kwenye simu nyimbo ni nyingi mno, mama," kijana akajibu. "Ndiyo maana hatuumalizi hata mmoja. Hii ukishaiweka huwezi kurukaruka. Lazima ukae utulie."

"Kukaa!" akasema Pia, kana kwamba ametajiwa ugonjwa.

Kazi hii aliianzia redioni, enzi za usichana wake, alipokuwa mkataji wa kanda. Mtangazaji akikohoa, Pia aliyazungusha magurudumu kwa mkono mpaka akakipata kile kikohozi, akakikata kwa wembe na kuziunga ncha mbili kwa gundi. "Nimefuta vikohozi vya wakubwa," hupenda kusema. "Walisikika wazima mpaka siku ya kufa kwao."

Mapema wiki hiyo, daktari wa meno alikuja na sanduku. Ukumbi mmoja wa zamani wa dansi ulikuwa unabomolewa, naye alinunua kanda zote zilizokuwamo. Juu ya sanduku hili paliandikwa jina la bendi ya mume wa Pia, na chini yake maneno mawili: Wimbo wa Ufunguo.

Pia aliinuka, akakaa, akainuka tena.

"Jumamosi naalika watu waje kusikiliza," daktari akasema. "Kabla ya kuuweka, nataka niwaambie nani aliimba. Nasikia ni wewe."

"Ni mimi."

Alijibu haraka mno. Daktari alipoondoka, neno lile lilibaki chumbani likimtazama.

Kwa sababu wifi yake naye husema, "Ni mimi." Wifi huyo, dada wa marehemu, ni mshonaji wa sare za shule na anaishi mtaa wa nyuma. Wawili hao wamebishana juu ya wimbo huu kwenye harusi, kwenye misiba, na hata hospitalini, mmoja akiwa na dripu mkononi. Wote wawili waliuimba, hilo halina ubishi. Pia aliuimba kwanza, akiwa na mimba changa na koo kavu. Siku chache baadaye mume, aliyekuwa kiongozi wa bendi, akamwita dada yake naye ajaribu. Kisha wimbo ukatoka redioni, na kwenye redio ndogo za betri sauti zote zilikuwa nyembamba kama uzi. Baadaye redio ilifuta nakala yake ili irekodi hotuba, na wimbo ukapotea.

Pia alimwuliza mumewe mara moja tu. "Ni wewe, mke wangu," mume akasema. "Nani mwingine?"

Akaliamini neno hilo, lakini kuna jambo hakumwambia mtu yeyote. Katika ubeti wa mwisho sauti ilipanda mahali ambapo yeye hakukumbuka kupanda. Kwa miaka yote alijiambia kwamba mtu akiimba hujisahau. Sasa kanda ingesema, na Jumamosi daktari angelitangaza jina mbele za watu.

Alipojaribu kuichezesha, kanda ililia kama mlango usiotiwa mafuta na kuacha ute wa kahawia kwenye mashine. Gundi yake ilikuwa imekunywa unyevu. Kanda ya namna hiyo hukaushwa kwa joto dogo kwa muda mrefu, kisha huachwa ipoe taratibu. Pia aliiinua kwenye taa kuhakikisha kwamba si ile aina inayopitisha mwanga, ambayo joto huivunja. Halafu akaenda kwa jirani mfuga kuku kuazima mashine ya kutotolea vifaranga.

"Unatotolesha nini humo?" jirani akauliza.

"Sauti."

"Ikitoka jogoo, nusu yangu."

Jirani hana breki za mdomo. Kabla jua halijazama, wifi alikuwa mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Nasikia kaka yangu yumo kwenye mashine ya kuku."

"Ni kanda, wifi. Si kaka yako."

"Basi mimi na wewe tutasikiliza pamoja. Usije ukaniletea habari za kusimuliwa."

"Tutasikiliza pamoja. Kesho kutwa, jioni, ikishapoa."

"Nakujua wewe. Wali hujawahi kuungoja ukauke."

"Nimesema tutasikiliza pamoja!"

Siku ile ilipofika, Pia aliitoa kanda asubuhi na kuiweka mezani ipoe. Akafagia chumba kilichokwisha kufagiwa. Akapanga skrubu kwa ukubwa, akazichanganya, akazipanga upya. Akaenda sokoni, akarudi bila alichokwenda kununua. Mchana akaigusa kanda kwa mgongo wa kidole. Ilikuwa bado na uvuguvugu. Akajiambia anaiweka tu kwenye mashine, haichezeshi. Akajiambia atasikiliza mwanzo tu. Kidole kikabonyeza.

Ngoma, gitaa, kisha sauti. Ilikuwa yake. Ilikuwa kavu kidogo kwa sababu ya lile koo, lakini yake, na imesimama karibu kiasi kwamba aligeuka kutazama nyuma. Pia alipiga kofi moja. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukaanza. Hapo kitu kikaachia. Gurudumu la kulia likazunguka bure, ncha ya utepe ikipiga pa, pa, pa.

Alizima mashine. Utepe haukuwa umekatika. Paliachia mahali palipoungwa, gundi yake imekauka na kuwa njano. Mkato wenyewe ulikuwa wima, kama wa kukata mkate. Mkataji wa kweli hukata mshazari ili kiungo kisisikike.

Hapo akakumbuka. Miezi ile ya mwanzo ya ndoa, mumewe alimjia redioni akiwa na wembe, akamwomba amfundishe kuunga kanda. Pia alidhani ni mapenzi tu, mtu anataka kukaa karibu na mkewe. Alimfundisha akicheka, na kila mara alimkanya, "Mshazari, mume wangu, mshazari!"

Akachukua gurudumu tupu, akapitisha ncha ya pili, akabonyeza. Sauti ilikuwa nyingine, na pale mwisho ikapanda. Wifi yake alikuwa na mwanya mpana wa mbele, na kila alipotamka "sasa sirudi," mwanya ule ulipuliza kijifilimbi. Redio za betri hazikukitoa kamwe. Kanda ilikuwa imekitunza.

Pia akazunguka meza, mkono wa kushoto umeshika gurudumu lenye nusu yake. Kanda za zamani huharibika, kila mtu anajua. Angempa daktari nusu hii na kusema nyingine imeoza, nani angeuliza? Jina lingekuwa lake peke yake. Alifika dirishani, akarudi mezani, akafika dirishani tena, na safari hii akamwona wifi anavuka barabara, amevaa gauni la kutokea, kama mtu anayekwenda kuposwa, futi bado iko shingoni.

Akafungua mlango.

"Nimekusaliti," akasema kabla ya salamu. "Nimesikiliza."

"Nilijua! Ndiyo maana nimewahi." Wifi akaingia, akaona magurudumu mawili mezani. "Umeikata?"

"Aliikata kaka yako. Huyu hapa mimi. Huyu hapa wewe."

Wifi hakuelewa mpaka alipowekewa nusu zote mbili, moja baada ya nyingine. Kijifilimbi kiliposikika, alifunika mdomo kwa mkono.

"Aliniambia ni mimi," akasema.

"Hata mimi aliniambia hivyo hivyo."

"Tena aliapa!"

"Na hakusema uongo, mjanja yule."

"Sasa tumegombana miaka yote hii..."

"Yeye yuko katikati, anakula kwako, anakula kwangu."

Wifi akaanza kucheka, akacheka mpaka futi ikamdondoka shingoni. Pia hakucheka. Alichomoa wembe kwenye kizibo, akailaza ncha moja juu ya nyingine.

"Shika hapo," akasema. "Usipumue."

"Nitakufa."

"Utakufa baadaye."

Akakata zote mbili kwa pamoja, mshazari, akabandika kipande kipya cheupe cha utepe wa gundi, akalainisha kwa ukucha.

Jumamosi alasiri, sebule ya daktari ilijaa. Wachumba walikalia mkeka, mwalimu wa hesabu akapata kochi. Mlangoni palikuwa na mzozo.

"Linatangulia jina langu, mimi ni mkubwa," wifi alikuwa akisema.

"Mwanzo wa wimbo ni wangu, wewe umedandia njiani."

"Nimedandia na nikaufikisha!"

Daktari aliyetaka kuwaambia watu nani aliimba akanyanyua mikono. "Waliimba hawa wawili," akasema, "na msiniulize zaidi." Akauweka wimbo.

Watu wote walikuwa wamekaa isipokuwa Pia. Alisimama kando ya mashine, akiukodolea macho utepe, akikingoja kiungo. Ubeti wa kwanza ukapita. Alikiona kile kipande cheupe kinatoka kwenye gurudumu la kushoto, kinasogea, kinapita kwenye kichwa cha kusomea. Hakuna aliyegeuza shingo. Mwalimu aliendelea kutikisa mguu vilevile. Mtu mmoja tu, upande wa pili wa sebule, aliinua uso na kumtazama, mkono umefunika mdomo penye mwanya.

Pia akavuta kiti, akakaa.