Matairi Yaliyopanda Gari

Leonidasi ameendesha magari ya serikali pale Kibondo tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na karibu yote dashibodi zake zilikuwa maiti. Mafuta alipima kwa kijiti. Kwa hiyo mwaka 2014, Daktari Rashid, mtu wa Tanga aliyehamishiwa huko, alipomwazima gari lake lililotoka Uingereza ili dereva huyo ampeleke bintiye Recho kufunga ndoa Kasulu, mzee aliipenda taa moja ndogo ya njano kuliko gari lenyewe.

"Hii ikiwaka, tairi moja limepungukiwa upepo," daktari alimwambia. "Usiende."

"Haki ya Mungu, siendi," akajibu Leonidasi. Na huyo akiapa ameapa.

Sasa, matairi ya kule Ulaya yalikuwa membamba, kokoto zetu yangeziweza wapi! Daktari akatafuta ringi nyingine zenye matairi mazito, na fundi Athuman akazifunga siku ya kuamkia harusi. Gari kuwashwa, taa hiyoo, njano! Athuman akaeleza kwamba ndani ya kila ringi ya zamani mna kifaa kinacholipelekea gari habari za upepo, bila waya. Hizi mpya hazina.

"Ipuuze tu, mzee," akasema.

Aipuuze! Mtu aliyeapa? Leonidasi akapakia matairi ya zamani yote manne ndani ya gari. Mawili yakaingia kwenye buti, ambako ilibidi spea itolewe yapate nafasi, na mawili yakakaa kiti cha nyuma kama abiria. Akazunguka mtaa kidogo, taa ikazima. Alicheka peke yake njia nzima.

Asubuhi Recho akakaa mbele na shela lake. Mama yake, Kezia, kitenge kipya, kilemba juu, akabanwa katikati ya matairi mawili.

"Nimezaa mmoja, naozesha watano," akanung'unika.

Padri alishaonya kwamba ndoa ni saa nne. Wakichelewa atakwenda zake vigangoni, wangoje mwezi ujao.

Kabla ya kufika kijiji cha Makere taa ikawaka. Leonidasi akasimama, akayabonyeza matairi aliyoyapakia, akaleta pampu ya mguu na kulijaza upepo lile lililoegemea kiwiko cha Kezia.

"Mama weee! Tairi lililoniegemea mimi ndilo lina pancha?"

Wakaenda kidogo, taa ikazima. Leonidasi akaishukuru kwa sauti.

Walipopita Makere gari likaanza kuvuta kushoto, kisha likakoroma.

"Baba Recho, tairi hilo!"

"Taa imezima."

"Tunaburuza chuma!"

"Mama Recho, nani analijua gari? Wewe au gari?"

Aliposimama hatimaye, tairi la mbele lilikuwa chapati. Akalitazama, akaenda kuitazama taa, akarudi kulitazama tena.

"Spea hatuna," akasema. "Recho mwanangu, nimekuharibia."

"Na hayo manne?" Recho akauliza.

"Hayo ni ya taa."

Recho akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akalikumbatia tairi moja na kulitoa. Gauni jeupe likapata duara jeusi kifuani.

"Baba," akasema, machozi yakimtoka, "leo unampeleka nani kanisani? Mimi au taa?"

Leonidasi aliona aibu. Akapiga jeki bila hata kuvua koti, akalifunga tairi lile.

Kasulu walimkuta padri keshapanda pikipiki. Alipoliona lile gauni akashuka bila kuuliza. Kwaya ikaanza upya, Leonidasi akamshika binti yake, kiganja kimejaa grisi juu ya glovu nyeupe.

"Futa mkono, baba Recho!" Kezia akamnong'oneza kwa ukali.

Mzee akataka kuuchomoa. Recho akaubana, hakuuachia mpaka altareni.

Nje, gari lilikuwa bado linanguruma, mlango wazi, na Leonidasi hakuwa amekumbuka hata kuangalia kama taa imezima.