Korilesheni na Dungu la Shangazi

Nilimaliza kidato cha nne nikarudi Kibiti kukaa. Wenzangu walikwenda Dar kuuza mitumba, maana siku zile ruhusa ilikuwa imetoka, kila mtu auze alichonacho. Mimi nilikuwa na Kiingereza, na Kiingereza hakitandikwi chini kwenye turubai. Nikabaki barazani kwa mama nikisubiri ubwabwa.

Mchele wetu ulitoka Mbuchi, deltani, kwa shangazi yangu mjane. Kila masika alikihama kijiji pamoja na wajukuu zake akahamia dunguni, yaani kibanda cha miti juu ya nguzo, katikati ya shamba la mpunga. Mchana anaamia ndege, usiku anapiga debe kufukuza nguruwe, mpaka avune. Ukishuka kabla ya wakati, huvuni. Kule hilo hata mtoto analijua.

Ukaja mradi, na gari jeupe na mtaalamu wa kigeni. Wakataka mtu anayejua Kiingereza na anayejulikana deltani. Nikapanda mtumbwi kwenda Mbuchi nimevaa soksi. Nikapita nikiuliza: unakaa dunguni miezi mingapi, watoto wameugua homa mara ngapi.

Neno lenyewe nililipata kwa mtaalamu, alipokuwa akizipitia karatasi zangu. Korilesheni. Nikamwuliza ndiyo nini. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kupapasa: vitu viwili vinapanda pamoja, vinashuka pamoja.

"Lakini haisemi kipi kimeleta kipi," akaongeza. "Sikia vizuri hapo."

Sikusikia vizuri hapo. Nilikuwa nimeshaanza kulitungia sentensi.

Niliporudi Kibiti nikalitumia mpaka likachakaa. Nikawaambia wenzangu wa barazani, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba kuna korilesheni kubwa kati ya chai ya mama na usingizi wangu.

"Na kati ya kukaa kwako na uvivu, Profesa?" mmoja akauliza. "Haipo?"

"Ipo," nikasema. "Tena ya juu sana."

Wakacheka, nami nikacheka, nikiamini wananicheka kwa kunionea wivu.

Kisha mtaalamu akaitwa mjini. Akaniachia niandike ukurasa mmoja wa Kiingereza kuhusu Mbuchi, uende kwa wakubwa wa mradi. Niliuandika siku mbili. Sasa nilikuwa nimegundua kwamba neno lile lina kaka yake mrefu zaidi, wa vitu vingi kwa pamoja, basi nikamchukua huyo: "There is a very high intercorrelation of dungu, fever and children, therefore dungu is bad." Dungu, homa na watoto vinakwenda pamoja mno, kwa hiyo dungu ni baya. Ile "kwa hiyo" hakuna aliyeniambia niiweke. Niliona tu sentensi inaishia njiani bila hiyo.

Kabla ya masika mengine ikaja barua. Mradi utatoa mbegu na vyandarua kwa familia ambazo watoto wao hawalali dunguni. Nikatumwa mimi kwenda kuisoma Mbuchi.

Shangazi alikuwa mbele kabisa. "Nani kawaambia dungu linaleta homa?"

"Wataalamu, shangazi."

"Mimi nimekulia dunguni. Baba yako kakulia dunguni. Wewe mwenyewe umelikojolea dungu langu mpaka ukaota meno."

Watu wakaangua kicheko. Alipokwisha kucheka naye, akaniangalia. "Haya, wewe msomi wetu, unasemaje?"

Ningeweza kusema. Nikasema, "Wamepima."

Majirani zake wengi waliipuuza barua, wakapanda madungu yao kama kawaida. Shangazi hakuipuuza, kwa sababu aliyeisoma alikuwa mtoto wa kaka yake. Alibaki kijijini na wajukuu, akawa anakwenda shamba asubuhi na kurudi jioni. Nguruwe hawakuhitaji zaidi ya hapo. Walichobakisha walikimaliza ndege.

Na wajukuu waliugua vilevile. Kibiti nako, ambako hakuna aliyewahi kulala dunguni, watoto walikuwa wanatetemeka kwa homa nyumba hadi nyumba. Ilikuwa masika. Mvua ndiyo iliyopeleka watu madunguni, na mvua hiyohiyo ndiyo iliyoleta mbu. Hili lilihitaji mtu wa kukaa kimya akafikiri, na mimi kukaa nilikujua, ila kufikiri sikukujaribu. Vyandarua na mbegu vilifika majirani wa shangazi walipokwisha vuna.

Shangazi akaja kwetu na viroba vyake vitupu amevikunja kwapani. Mama akampikia mchele wa dukani, ule wa kutoka ng'ambo uliokuwa umejaa madukani siku hizo. Akatia tonge mdomoni, akatafuna muda mrefu.

"Hauna harufu, wifi."

"Ndio huo, wifi yangu. Tufanyeje?"

Akanigeukia mimi. "Wewe, baba, ulikaa nao wale. Hukumjua aliyewaandikia habari za madungu?"

Mama alikuwa ananitazama. Alijua ni nani aliyeshinda siku mbili barazani na kalamu.

"Simjui, shangazi."

"Mungu anamjua," akasema, bila hasira. Akaisukuma sahani yake kwangu, ubwabwa ukiwa bado nusu. "Kula, baba. Umekonda kwa kazi za watu."

Nikala, nikamaliza.