Mkono wa Kushoto wa Koti

Wifi yangu ni fundi cherehani, na hapimi watu kwa tepu. Anapima kwa kamba. Anapiga fundo begani, jingine kwenye kiwiko, jingine kwenye kifundo cha mkono, kisha anakata kamba nyingine za kifua na kiuno, anazifunga pamoja na kuzitundika kwenye msumari juu ya cherehani. Wateja wanamwita Mama Kamba. Mikono yote miwili huipima, mmoja mmoja. Tabia hiyo aliipata alipoolewa na kaka yangu, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa mfupi kwa vidole vitatu. Aliuvunja tukiwa watoto, alipopanda juu ya paa kuniokotea mpira.

Kaka alitutoka miezi minne kabla ya harusi ya binti yake. Mungu ampumzishe. Mipango yote ilikuwa imeshakaa sawa: sherehe ya kwanza kwetu, ya pili wiki tatu baadaye katika nchi ya bwana harusi, ambako binti anafanya kazi ya uuguzi. Wanaume wa pande zote mbili wangevaa koti la kitambaa kimoja, cha kijivu, alichokichagua kaka mwenyewe. Baada ya mazishi binti alipiga simu akilia, akataka tuahirishe.

"Baba yako ameshachagua kitambaa," wifi akamjibu. "Nilimwahidi watavaa wote. Sasa nianze kumwambia nini?"

Basi akashona. Wakwe walituma kamba zao kwa posta, kila fungu na karatasi yake ya jina, kwa sababu wifi hakutaka kusikia habari ya namba kwenye simu. Mchana anashona, jioni anajibu ujumbe wa wakwe, ambao binti huutafsiri kwanza. Nani ataongea wa kwanza, sala iwe kwa lugha gani, watu wangapi watalala kwetu. Alikonda. Nilikuwa naenda kila siku kumsaidia kushona vifungo, sote wawili tumechoka, sote wawili tuna mtu yuleyule kichwani.

Jumanne, wageni wakitarajiwa Ijumaa, alitundika koti la baba wa bwana harusi, la mwisho, akasimama kulitazama.

"Wifi, hebu njoo."

"Nimekaa tu hapa, unaniita kama niko ng'ambo."

Hakucheka. Nikainuka. Mkono wa kushoto wa koti ulikuwa mfupi kuliko wa kulia. Sikuhitaji kupima. Ule mkono naujua.

Akaenda kwenye msumari, akashika fungu la kamba alilokuwa amekatia koti hilo. Halikuwa na karatasi. La kaka halijawahi kuwa na karatasi. Nani anamwandikia jina mtu wa nyumbani? Fungu la baba wa bwana harusi tulilikuta nyuma ya cherehani, karatasi yake imebanduka na kulala kando.

Wifi akaketi juu ya mabaki ya vitambaa. "Mikono yangu imemshonea mume wangu," alisema. "Mimi nilikuwa wapi?"

Niliomba kimoyomoyo, nikalinganisha kamba. Mabega yalilingana, kifua kilipishana kidogo mno. Tofauti ilikuwa ule mkono tu. Lakini kitambaa kilikuwa kimekwisha, na dukani walisema hakitaletwa tena.

Binti akapiga simu, wifi akamsimulia. "Mama, mnunulie koti lolote."

"Wanaume kumi na wawili wavae sare, halafu yeye, baba mtu, asimame kando yangu kama mpita njia aliyeingia kuulizia maji?"

"Mama, umechoka."

"Nimechoka ndiyo. Uchovu haushoni."

Akakata simu, akachukua wembe, akaanza kufumua pindo. Hapo nikakumbuka. Miaka yote aliacha akiba ya kitambaa ndani ya pindo la mikono, vidole vinne vizima. Alianza kwa kumtania kaka kwamba ule mkono siku moja utaota, asije akalazimika kununua koti jingine. Kaka alikuwa akimwuliza kila mwaka, "Vipi, bado haujaota?" Utani ukageuka mazoea, na kila mteja akawa anapata akiba ileile.

Pindo likashuka, mikono ikalingana. Ila palipokuwa na mkunjo pakabaki mstari. Kile kitambaa ukishakikunja ukakipiga pasi, basi. Alitandika kitambaa chenye maji, akapiga pasi, akapiga tena. Mara ya tano nikamshika mkono.

"Acha, wifi. Imetosha."

Akaiweka pasi chini, akalia. Tangu mazishi sikuwa nimemwona akilia. Nikalia naye, na pasi ikapoa.

Jumamosi baba wa bwana harusi alilivaa koti. Lilimkaa. Wakiwa wamesimama pamoja kupokea wageni, aliuona ule mstari, akamwuliza kupitia kwa binti. Wifi akamweleza, kwa maneno machache. Walipopigwa picha, mzee yule aligeuka kidogo ili mkono ule uwe upande wa wifi.

Jumatatu nilimkuta wifi kwenye chumba cha kushonea, sanduku la safari ya sherehe ya pili likiwa wazi sakafuni, halina kitu. Alikuwa amekata kipande cha karatasi. Akaandika juu yake jina la kaka, polepole, akakifunga kwenye lile fungu la kamba na kulirudisha kwenye msumari.

"Nisije nikakosea tena," alisema. Kisha akajilaza pale pale juu ya mabaki ya vitambaa, na mimi nikaanza kupanga nguo kwenye sanduku.