Baiskeli Niliyoipima kwa Mguu Wangu

Mtu akija kwangu na baiskeli simuulizi panamuuma wapi. Namwambia apande, aende mpaka duka la mkaa, kisha arudi, nami namtazama kwa nyuma. Kiuno kikiyumba huku na huku, kiti kiko juu. Magoti yakipanda kama anataka kujipiga nayo kidevu, kiti kiko chini. Mengine anayonieleza ni ya kupitisha wakati tu.

Haya niliyajua kabla sijajua kusoma. Marehemu baba alikuwa fundi baiskeli hapa Jomvu Kuu, na mimi nilikulia kwenye kibanda chake, mikono imejaa grisi, mama akinipigia kelele kwamba sitapata mume. Mume nilimpata. Na spana za baba nikarithi, maana kaka zangu hawakuzitaka. Asubuhi nauza mahamri, jioni nawatengenezea watu baiskeli zao, na nina mdomo. Nikimwona mtu barabarani amekaa vibaya, namsimamisha. Kuna mwalimu mmoja hunikwepa mpaka leo.

Hebu nikuelekeze, nawe ukapime yako. Kwanza simama, baiskeli iwe katikati ya miguu, nyayo zote mbili chini. Lile bomba la juu likikugusa, hiyo si yako, mwachie mwenye miguu. Kisha kaa kitini, ushike ukuta, uweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke, lakini kiuno kisiinamie upande. Ukija kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, ambako ndiko kwenye nguvu, goti litabaki limekunjika kidogo, na goti linataka hivyo. Mwisho weka kiwiko kwenye pua ya kiti, unyooshe mkono. Vidole vikifika kwenye hendeli, mmepatana. Visipofika, utakuwa unaiinamia safari nzima, na viganja vitakufa ganzi.

Nimewapimia watu wengi namna hii. Mume wangu sikumpimia.

Yeye ni kibarua bandarini, Kipevu. Kazi yake ni kupanda juu ya kontena melini na kufungua vile vyuma vinavyozishika zisianguke. Ni kazi ya magoti. Kila asubuhi wanajipanga, na serangi, yule msimamizi wa genge, anawatazama na kuchagua wa kupanda. Anayechechemea haitwi. Hilo kila mtu nyumbani kwetu analijua, na tunakula kwa sababu ya magoti yale.

Tena ni mfupi kuliko mimi. Nasema hivi kwa kuwa yeye mwenyewe husema, na huwaambia watu alinioa ili nimteremshie vitu vya rafuni.

Ile baiskeli nilimnunulia mimi, kwa akiba ya mahamri, ili asiamke mapema mno kutafuta gari. Nilikwenda mjini peke yangu, nikataka iwe siri. Dukani kijana akaniuliza ni ya nani, nikamwambia ya bwanangu, akasema basi aje mwenyewe. Nikamwona ananifundisha kazi. Nikalikunja buibui, nikapanda, nikaegemea kaunta, nikaweka kisigino kama nilivyofundishwa, nikamwamuru apandishe kiti, apandishe tena, basi, hapo hapo, kaza. Nilistarehe juu ya kile kiti. Wallahi haikunipitia akilini kwamba mguu uliokuwa kwenye pedali ulikuwa wangu.

Nyumbani nilimkabidhi mbele ya mama mkwe na mashemeji. Akaizunguka, akaipapasa kengele, akataka kukishika kiti. Nikamwambia, wote wakisikia, "Hii usiiguse. Nimeshaipima." Mama mkwe akasema mwanawe ameoa fundi. Nikajiona mimi ndiye mimi.

Na kwetu, mtu akikupa kitu hukigeuzigeuzi mbele yake. Chakula cha mtu huongezi chumvi. Zawadi ya mke aliyesema ameipima, ndiyo utaitilia spana?

Kuna jambo jingine. Baiskeli mpya hapa haivuliwi nguo. Inakuja imezungushiwa nailoni, na mwenyewe anaiacha hivyo hivyo, anaiendesha na nailoni yake mpaka ichakae, watu wajue ni mpya na rangi isichunike. Baba alikuwa akiikata siku ile ile, mwenye baiskeli analalamika, naye anakata tu. Alikuwa akisema hewa ya huku kwenye mkondo wa bahari ina chumvi, ikiingia chini ya nailoni haina pa kutokea. Kisha analichomoa bomba la kiti, analipaka grisi, analirudisha. Mimi nilijua yote hayo. Lakini nilitaka majirani waione ile nailoni, basi nikaiacha.

Baada ya miezi kadhaa mume wangu alianza kushika ukuta akipanda kizingiti. Akisema goti. Namsugua kwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, huku namtania, "Bwana, uzee umekuanza mapema, na mimi bado mbichi." Anacheka, anavumilia. Siku nyingine nilimwambia ni uvivu. Nikilikumbuka neno hilo sasa, naona haya mpaka masikio yanawaka.

Asubuhi moja nilichukua bodaboda kwenda Magongo kununua ngano. Malori ya kontena yalikuwa yamesongamana, tukawa tunajipenyeza kandoni. Mbele yetu kulikuwa na mtu kwenye baiskeli, kiuno kinakwenda huku na huku kama bata, anakanyaga pedali kwa ncha za vidole. Nikajiambia, mtazame huyu, nani aliyempimia? Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpigie kelele. Kisha nikaiona jaketi yake ya kazi, na kile kiraka nilichokishona mwenyewe begani.

Nilimwambia wa bodaboda apunguze mwendo, tubaki nyuma. Nikamtazama mume wangu anavyoyumba mpaka alipokata kushuka Kipevu. Kila alipokanyaga, goti lilinyooka hadi mwisho na nyonga ikamfuata. Mara ngapi kwa siku, sikutaka kufikiri. Nilinunua ngano nikaisahau dukani, ikabidi nirudi.

Aliporejea jioni nilikuwa nimeshajipanga kumwambia. Mimi huyu, ninayemsimamisha mwalimu barabarani, nikakosa pa kuanzia. Alikuwa amekaa barazani na goti amelinyoosha. Nikatoka na spana, nikasema, "Bwana, naona siku hizi umepungua kimo. Mtu akifika umri mifupa hukaa. Lete hiyo baiskeli nikishushe kiti."

Neno lilitoka kama nimelikariri. Akajitazama kuanzia kifuani mpaka miguuni, akasema, "Mke wangu, mimi nilikuwa mfupi tangu hapo. Nikipungua, kutabaki nini?" Akacheka. Nami nikacheka naye, na huko ndiko kuniuma kwenyewe, kwamba niliweza kucheka.

Kiti kilikataa. Niliikata nailoni, yakatoka maji ya rangi ya chai, na chini yake bomba limeshikana na fremu kwa kutu. Likikufika hili usipige nyundo, utaiharibu fremu. Usikivute kiti chenyewe nacho, kitavunjika shingo. Lilaze bomba linywe mafuta ya taa mpaka kesho yake, kisha libane bomba lenyewe kwa spana kubwa, ulizungushe kidogo kidogo, kwenda na kurudi, kama mtu anayetoa jino la mtoto. Yeye ndiye aliyenishikia fremu. Aliibana kwa magoti, na fremu ilipoligusa lile bovu, nikamwona anauma mdomo wa chini. Nikamwambia abane kwa mikono. Akasema haidhuru, we fanya.

Likatoka likilia. Nikalisugua kwa msasa, nikalipaka grisi, nikakishusha kiti hadi kisigino chake kikakaa vizuri. Hendeli nayo ilikuwa mbali naye. Wengi hapo hukisukuma kiti mbele, nao wanaliumiza goti upya. Kinachotakiwa ni kubadilisha hendeli. Kwenye sanduku la baba kulikuwa na moja ya zamani, inayorudi nyuma kama pembe za ng'ombe, nikamfungia hiyo. Akaenda mpaka msikitini akarudi, kiuno kimetulia. Akasema, "Sikujua baiskeli ni tamu hivi." Nikaingia ndani nikajifanya natafuta kitambaa.

Basi goti likaanza kupoa. Akawa anapanda kizingiti bila ukuta. Nilifurahi, tena furaha ya mwizi. Nikajiambia jambo limekwisha, hakuna aliyejua, hakuna aliyedhurika. Nikarudi kuwasimamisha watu barabarani.

Haukupita muda, siku moja akarudi mapema, nguo safi. Kibarua hurudi mchafu. Nikamuuliza kulikoni. Akakaa, akanywa maji yake taratibu, akasema amezungumza na serangi, amemwomba amtoe kwenye kupanda.

"Kwani goti limerudi?"

"Goti halina neno. Limepona, alhamdulillahi."

"Sasa?"

"Nilifikiri yale uliyonambia. Mwili ukishaanza kupungua mtu hawezi kuuamini. Kule juu ukikosea hatua huanguki peke yako, unawaangukia wenzio. Nikaona nimwambie mwenyewe kabla hajaniona. Serangi alinishika mkono, akasema laiti wote wangekuwa hivi."

Nafasi yake juu imechukuliwa na mtu mwingine, kijana mwenye nguvu, na hakuna atakayemtoa. Mume wangu sasa yuko chini. Anafagia, anakusanya vyuma, siku wakimhitaji. Siku wasipomhitaji anarudi, anachukua kitambaa na kuifuta ile baiskeli. Hajalalamika hata mara moja. Anawaambia watu barazani kwamba mtu lazima ajue mwisho wake, na wenzake wanaitikia kwa heshima, nami nawapitishia kahawa.

Nilijitetea sana. Nilijiambia goti lilikuwa limekwisha hata hivyo, ingekuwa leo au kesho. Uongo. Goti lilikuwa limepona, nimelitazama likipona. Kiti kilimwumiza, kweli, lakini kiti nilikishusha. Lililomtoa kazini ni lile neno nililolisema ili nisionekane nimekosea, mimi, binti wa fundi.

Nilimwambia jana, baada ya alasiri. Alikuwa ameipindua baiskeli uani, anapangusa cheni kama nilivyomfundisha, kwa kitambaa kikavu kwanza ndipo mafuta, tone moja moja. Nilikaa kwenye mbuzi ya nazi karibu yake. Nikamweleza yote. Duka, kaunta, mguu wangu, ile asubuhi ya Magongo. Nikamwambia kwamba kimo chake ni kile kile alichonioa nacho. Sikulia, sikutaka anihurumie.

Alikuwa ameacha kupangusa. Pedali ikaendelea kuzunguka yenyewe mpaka ikasimama.

"Kwa hivyo mimi sikupungua," akasema.

"Hukupungua."

Akainuka. Akausogelea mlango wa jikoni, akajinyoosha wima kwenye mwimo, mgongo umegusa mbao, akaweka kiganja juu ya kichwa chake, kama mtoto anayepimwa. Akageuka akapatazama pale kiganja kilipofikia. Kisha akakaa chini tena, akashika kitambaa.

"Ungenambia tu kiti kiko juu," akasema.