Gari Tupu Kuelekea Senja

Denise Nabintu ameingia Istanbul mara tisa na hajawahi kuiona bahari yake. Anachokijua ni jengo la suruali za jinzi, ghorofa ya tatu, na hoteli iliyo mgongoni mwa jengo hilo. Dubai anaikumbuka kwa harufu ya gundi ya maboksi. Bangkok anaikumbuka kwa ngazi. Na Guangzhou, jiji la Uchina ambako huu ni mwaka wake wa kumi na nane wa kununua na kusafirisha bidhaa, anaifahamu kwa bei ya leo, kwa milango ya nyuma, na kwa saa ambayo lifti ya mizigo haina foleni. Ukimwuliza habari za mto unaokata jiji, atakuambia kwamba mvua ikizidi, malori ya bandari ya Nansha huchelewa.

Si kwamba hana macho. Macho yake ndiyo yamemlisha. Akitazama rundo la mizigo sakafuni, hukuambia itajaza nafasi kiasi gani ndani ya kontena kabla hujatoa futi mfukoni, na akikosea hukosea kwa upana wa kiganja. Lakini macho yanayopima kila kitu huchoka uchovu ambao usingizi hauuondoi. Alipofikisha miaka hamsini na mmoja, Denise alianza kutamani kutazama kitu ambacho hakitapakiwa.

Kitu chenyewe kilimjia juu ya kitambaa cha meza. Ni vile vya plastiki ambavyo kwao Bukavu, Kongo, hutandikwa katika kila sebule, vyenye picha ya maua au ya matunda. Katika duka moja nyuma ya mtaa wa Yide Lu alikuta vyenye picha nyingine: milima inayoingia moja kwa moja majini, na chini yake vijumba vyekundu vimesimama juu ya nguzo, kama watu waliopandisha suruali wavuke.

"Hapa ni wapi, laoban?" aliuliza, akimwita bosi kwa Kichina.

Mwenye duka alikigeuza kitambaa akatazama upande wa pili, kana kwamba jibu limeandikwa huko. "Ulaya," alisema. Kisha akafikiri. "Au kompyuta."

Denise alituma Bukavu vitambaa elfu tatu, vikaisha kwa miezi miwili. Kimoja alikitandika mezani kwake, mtaa wa Sanyuanli, huko huko Guangzhou. Kila Jumapili bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, lilitua juu ya mlima, na yeye akalisogeza kidogo ili auone. Mwishowe alikipiga picha akamtumia mdogo wake, Séphora, ambaye miaka tisa iliyopita alichukuliwa kutoka kambi ya wakimbizi akapelekwa Örebro, nchini Uswidi. Séphora aliionyesha kwa wazee anaowahudumia kwenye nyumba ya kulelea wazee. Bibi mmoja alivaa miwani, akasema bila kusita: Norwe, kaskazini kabisa, kisiwa cha Senja.

Hivyo ndivyo safari ilivyozaliwa. Jean-Luc, mume wake, aliipenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu ndani yake kulikuwa na usukani. Zamani aliendesha Fuso kati ya Bukavu na Uvira, kwenye ile barabara ambayo ukikosea kona unaonekana tena huko bondeni. Sasa kazi yake ni kusimamia watu wanaopakia. Walikuwa wameoana miaka ishirini na saba na hawakuwahi kusafiri pamoja bila mmoja wao kubaki akilinda mzigo.

"Sharti langu ni moja, Papa Précieux," Denise alimwambia, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Gari tupu. Nguo zetu, basi."

"Gari tupu," Jean-Luc alikubali, akaweka mkono kifuani.

Walipanga siku kumi na sita za mwezi wa sita. Watashuka Kopenhageni, Denmaki, wakodi gari, wavuke lile daraja refu hadi Uswidi, walale kwa Séphora, kisha wapande pwani ya mashariki mpaka Kiruna, wakate kwenda Norwe, wakae Senja siku tatu, na warudi kwa njia ya Ufini wakivuka bahari kwa feri. Viza zilitoka mwezi wa tatu. Ramani ya karatasi, aliyoituma Séphora, ilitandazwa juu ya kile kitambaa, Norwe juu ya Norwe.

"Eti jua halizami," Jean-Luc alisoma kwenye simu. "Sasa mtu anajuaje saa ya kula?"

"Tumbo lako lilianza lini kuuliza jua?"

Ingebaki hivyo kama Jean-Luc asingesimama kanisani. Wakongo wa Sanyuanli husali kwenye ukumbi wa hoteli, na wakati wa matangazo yeye aliomba safari yao iombewe. Waliiombea vizuri. Ibada ilipokwisha, shemasi Floribert, muuza vifuniko vya simu, alimfuata Denise mlangoni.

"Maman Denise, nasikia mnapita Denmaki. Mama mkwe wangu yuko Aalborg. Ni kitu kidogo tu, ya kushika mkononi."

Aalborg haiko njiani. Iko juu kabisa ya Denmaki, upande wa pili. Lakini katika watu hawa, anayesafiri hasafiri peke yake. Ukisema unakwenda, kila mwenye ndugu huko anakupa kitu, na hakupi kwa sababu posta imeharibika. Anakupa ili mkono uliomgusa yeye ukamguse ndugu yake, ili uingie, uketi, ule, useme: nimemwona, amenenepa, anasali, anawasalimu. Mtu hukataliwa mkopo akasahau. Akikataliwa mzigo hasahau.

Na Jean-Luc hajui kukataa. Lile neno buyao, sitaki, ambalo mfanyabiashara hujifunza siku yake ya kwanza sokoni, kwa miaka kumi na minane halijawahi kutoka kinywani mwake. Ndani ya wiki tatu sebule ilikuwa na mizigo kumi na moja. Kulikuwa na sare za kwaya kumi na mbili za Trondheim. Kulikuwa na wigi tano za Göteborg, sufuria pana ya ugali na mwiko wake kwa binamu za Jean-Luc wa Umeå, vitenge vya bibi harusi wa Oulu, na mfuko wa samaki wakavu ulionukia mpaka kwenye lifti. Kila mzigo ulikuwa na anwani, na kila anwani iliivuta ile barabara upande wake. Jumapili moja alasiri Denise alitoka jikoni akakuta mume wake ameinama juu ya ramani na raba.

"Unafuta nini?"

"Ninarekebisha tu." Hakuinua kichwa. "Aalborg siku mbili, kwenda na kurudi. Trondheim siku mbili, huwezi kuipelekea kwaya sare halafu usiisikie ikiimba. Oulu wanatungoja kwa harusi. Donc, nimehesabu. Siku zinatosha, mais..."

"Mais nini?"

"Senja haiingii."

Denise aliinua ukingo wa ramani, akautazama mlima kwenye kitambaa.

"Ni maji na mlima, Mama Précieux. Mlima tumezaliwa nao. Na maji, Jumamosi nitakupeleka Nansha, utayatazama mpaka uchoke."

Alisema kwa wema, na hilo ndilo lililomuumiza. Denise aliona jinsi safari hiyo itakavyokuwa: atafika nchi nne, atajua sebule kumi na moja, na atarudi akiweza kukuambia lifti ipi ya Trondheim ni mbovu. Ingekuwa Istanbul ya kumi. Na alijua pia, kwa namna mtu wa miaka hamsini na mmoja anavyojua, kwamba raba ikishapita mahali hapo hakutakuwa na mwaka mwingine wa kupaandika. Hakugombana. Alivaa viatu akatoka.

Kioko, Mkamba wa Machakos, ana ofisi ya kusafirisha mizigo kwenye jengo la pili kutoka kwao. Nusu ya mizigo ya Denise imepita kwenye mizani yake. Alimkuta anakula tambi.

"Karibu, Mama. Leo Jumapili umenifuata, basi kuna moto mahali."

"Kioko, mtu akiwa na wateja kumi na moja, kila mmoja na mzigo mdogo, mji wake, wewe unafanyaje? Unawapelekea mmoja mmoja?"

Kioko alicheka mpaka akaweka vijiti chini. "Mama, mimi ni mwendawazimu? Si nawakusanyia kwa kontena moja, natuma mahali pamoja, kila mtu anakuja kuchukua yake. Hiyo kazi si ni wewe ulinifunza? Nilikuwa nimekuja juzi, sijui hata mlango wa bohari uko wapi."

"Grupaji," alisema Denise polepole.

"Hiyo hiyo. Kwani umesahau kazi yako?"

Alikuwa ameisahau. Amewakusanyia watu mizigo yao maisha yake yote, na mizigo hii kumi na moja, kwa kuwa ilikuja na baraka za kanisa, hakuitambua kuwa ni mizigo. Alivuta kiti akaketi. Ndani ya nusu saa walikuwa wameshapanga: sanduku moja, kwa treni ya mizigo inayovuka Asia hadi Ulaya, anwani ya Séphora, lifike wiki mbili kabla yao.

"Samaki sichukui," alisema Kioko. "Forodha ya kule watanishika na hao samaki, na hata wasiponishika, nitakufa."

"Samaki tutawala sisi."

Jumapili iliyofuata Denise alilieleza kanisa. Floribert aliinua mkono.

"Maman, kwa heshima. Mzigo bila uso ni posta tu. Mama mkwe wangu hangoji posta."

"Uso ataupata, Papa shemasi. Nimesema mzigo unakwenda Örebro. Na sisi tutakuwa Örebro, wikendi ya sikukuu yao ya kiangazi, ambapo Uswidi yote haifanyi kazi. Kila mwenye mzigo aje. Aje aone uso wangu, na wa Jean-Luc, na nyuso za wenzake kumi."

"Kutoka Aalborg? Mama ana miaka sabini na mmoja."

"Basi tumuulize yeye, tusimjibie."

Walimpigia pale pale kwa video, simu ikiwa juu, watu wamejazana nyuma ya shemasi. Mama Adolphine, yule mama mkwe, aliwatazama kwa muda kama anayewahesabu.

"Floribert," alisema, "ndani ya huo mzigo kuna nini?"

"Soksi, maman. Za sufu."

"Soksi ninazo za kuvika parokia nzima. Hao watu wa Örebro watapika nini?"

"Atapika mdogo wangu, mama," alisema Denise. "Sombe, na ugali kwa sufuria mpya."

"Nitakuja. Miaka saba niko hapa, sijapanda treni hata moja mpaka mwisho wake. Na hizo soksi mpe mtu wa Ufini."

Kanisa lilicheka mpaka mwangalizi wa ukumbi akachungulia. Baada ya hapo haikuwa tena kazi ya Denise. Séphora alifungua kundi kwenye simu, na wale watu waliokaa miaka katika miji yao ya theluji, kila mmoja akidhani yeye ndiye Mkongo wa mwisho barabarani, wakaanza kuulizana wanatoka mtaa gani wa Bukavu, nani alisoma na nani, nani ataleta ngoma. Kwaya ya Trondheim ilisema itapanda basi na kuimba ikiwa imevaa sare, mradi sare ziwatoshe. Bibi harusi wa Oulu aliomba vitenge vishonwe Örebro, kwa kuwa huko Ufini hajampata fundi anayejua mikono ya kitenge. Séphora alimpigia dada yake mkubwa simu, sauti imekauka kwa kuongea.

"Yaya, nimeomba ukumbi wa chini ya jengo letu. Mpaka sasa ni watu thelathini na wanne. Mimi hapa miaka tisa, sikuwahi kupika chakula cha watu zaidi ya sita. Umenifanyia nini?"

"Nimekuletea wateja," alisema Denise.

Jean-Luc alifunga sanduku mwenyewe, kamba mbili za urefu na mbili za upana, akaandika ÖRÖBRO kwa herufi kubwa, akakosea, Denise akasahihisha. Kioko alilichukua kwa kitoroli. Sebule ikarudi kuwa sebule. Waliketi mezani na ramani. Jean-Luc alichora barabara upya kwa kalamu ya wino safari hii, kutoka darajani mpaka Örebro, kutoka Örebro moja kwa moja kaskazini, bila kona, mpaka kisiwani. Penseli aliitupa.

"Siku tatu," alisema, akitazama zile nafasi nyeupe za kalenda. "Nani yuko huko?"

"Hakuna mtu."

"Hata binamu?"

"Nimeuliza kwenye kundi. Hakuna hata mmoja."

Alisema hivyo kama mtu anayetangaza kwamba kiwanja kimepatikana. Jean-Luc aliegemea kiti akafikiri, na uso wake ulianza kufunguka taratibu, sehemu baada ya sehemu.

"Sasa tutafanya nini siku nzima?"

"Tutatazama."

"Na usiku?"

"Usiku haupo, ulisoma mwenyewe. Tutaendelea kutazama."

"Basi nitabeba karata."

Denise alimkagua kwa yale macho yake ya bohari, kuanzia mfuko wa shati mpaka viganja, akapima.

"Karata beba," alisema. "Zinaingia mfukoni."