Kikopo cha Tatu

Saa mbili asubuhi, foleni ya maabara imeshafika mlangoni. Kila mtu amekificha kikopo chake: huyu ndani ya mfuko mweusi, yule chini ya mtandio. Bibi Maabara, kama wagonjwa wanavyomwita, anavipokea kwa mikono miwili.

"Hapa hakuna aibu," anawaambia. "Mficha uchi hazai."

Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akipima choo, sampuli arobaini hivi kwa siku, kwa hadubini moja. Mumewe alipomchumbia, aliwaambia wazazi kuwa binti "yuko ofisini".

"Mama mkwe aligundua mwaka wa tatu wa ndoa," anasema akicheka. "Akanizuia kukanda unga mwezi mzima!"

Mgonjwa asiyemsahau ni fundi cherehani mmoja, mama wa watoto watatu. Alifika akiwa ameharisha wiki saba na kupungua kilo kumi na moja. Dawa za dukani alishameza hadi akachoka.

Daktari alimuuliza mengi: Kuna damu? Homa? Maji ya kunywa anayatoa wapi? Kisha akaagiza vipimo. Vya damu vilitoka vizuri. Choo cha kwanza hakikuonyesha kitu. Cha pili, vivyo hivyo.

Fundi aliketi kwenye benchi, mikono mapajani.

"Dada, usinifiche. Ni saratani, siyo? Nimeshamwambia mdogo wangu awachukue watoto."

"Nilijua kuna vijidudu vinavyotoka leo, kesho vikajificha," anakumbuka Bibi Maabara.

Akamfuata daktari. "Kabla hujamwandikia rufaa, naomba kikopo cha tatu."

"Haya," daktari akasema. "Kesho, na kikufikie kikiwa bado na joto."

Kesho yake, baada ya dakika ishirini kwenye lenzi, akamwona giadia: kijidudu chenye umbo la tone, na madoa mawili kama macho.

"Nikasema kwa sauti, 'Kumbe ni wewe!' Daktari akadhani nimepata mgeni."

Fundi alipewa dawa, akaambiwa achemshe maji ya kisimani. Baada ya wiki tatu alirudi, kilo nne zimerejea, watoto wako nyumbani. Bila kuuliza, akatoa futi na kumpima mabega Bibi Maabara. Koti jeupe analovaa leo ndilo alilomshonea.

Miaka miwili ijayo atastaafu. Anaomba hadubini ya pili, na kijana wa kuitumia.

"Macho yangu yanachoka," anasema akivaa glavu mpya. "Huyo kijana nitamfundisha kwanza maneno mawili: 'Lete tena.'"