Espe, kine wetu, mwenye alituuliza ni nani anaona

Tangu asubuhi watu wananitumia picha yako, wameweka mushumaa pembeni. Ninafungua, ninafunga. Espe, moyo yangu imekataa kabisa.

Kwa wale hawakumujua: Espérance alikuwa kine hapa Bunia, ule anafundisha watu kutembea tena na kushika tena baada ya majeraha. Mie ni muuguzi. Tulitumika naye mu sale moja ya wagonjwa tangu vita ya Djugu ilianza kutujazia vitanda.

Alisomea India. Kule alipanga chumba kwa mama mumoja mujane, alikuwa anamuita Amma. Jioni, Amma akichagua muchele, alimufundisha falsafa ya wazee wao, ile wanaita Advaita. Maana yake: hakuna mbili.

Wakati wa pause, chai mukononi, alituelezea. "Muone. Mukono yangu ninaiona, basi mie si mukono. Hasira yangu ninaiona ikikuja, ninaiona ikienda, basi mie si hasira. Ile fahamu inaona vyote, hakuna kisu inaikata. Ile ndiyo weye wa kweli. Na iko moja tu, ndani ya watu wote."

Daktari wetu akasema: "Espe, hapa ni hopital, si temple!" Espe mwenyewe alicheka kutupita wote. Ile kicheko yake, jamani!

Wengine walinong'ona kama amerudi na mashetani ya Wahindi. Lakini kila siku ya Mungu alikuwa mu koral ya kanisa, anaimba alto. "Yesu sijamuacha, Mado," aliniambia. "Amma alinifundisha tu kunyamaza vizuri."

Kisha walituletea Maman Julienne kutoka Fataki, kule Djugu. Panga. Mukono ya kuume ilikatika chini ya kiwiko, na bwana yake alibakia kule, amekufa.

Alikataa kula. Alikataa hata tumunawishe. "Mie si mutu tena," alisema. "Ile mukono ndiyo ilikuwa inalima, inapika, inabeba watoto. Sasa kumebakia nini?"

Mie ningemuambia pole mama, Mungu iko. Espe alikaa chini, kwa sakafu, karibu na kitanda.

"Mama, ni nani anajua kama mukono haiko?"

"Ni mie."

"Na huyu mwenye anajua, naye wamemukata?"

"Huyu, hapana," akasema. Akalia. Tangu afike hakuwa amelia. Siku ile alikunywa uji.

Tusidanganyane: neno haioteshi mukono, Espe mwenyewe alikuwa anasema vile. Kila asubuhi walifanya mazoezi pamoja. Kufunga kitambaa na mukono ya kushoto. Kumenya ndizi. Maman Julienne akitukana, Espe akisema, "Tukana, mama, lakini menya."

Halafu wakatuleta Bahati. Risasi mu paja. Alikuwa wa kabila ya wale walivamia Fataki. Alisema ni mulimaji, hakuna mutu aliamini. Sale zingine zilijaa, wakamuweka kwetu.

Maman Julienne alisimama. "Mumutoe huyu, ao munitoe mie!" Wamama wengine wakasimama nyuma yake. Bahati alifunika uso na shuka. Mie nilikuwa ninatafuta mulango kwa macho.

Espe alisimama katikati. Hakumuomba asamehe.

"Mama, hasira yako ni ya haki, siombi uiache. Lakini ile inaona ndani yako, haina kabila. Ndiyo ile ile inaona ndani yake. Nikimufukuza huyu, basi ile siku nilikudanganya."

Maman Julienne alimutemea mate kwa bluzi.

Espe akapanguza. "Kesho asubuhi tunaendelea na mazoezi, mama." Kisha akaenda kuinua muguu ya Bahati, mbele ya wote.

Kesho yake Maman Julienne alikuja mu mazoezi. Alikaa akiangalia ukuta, mugongo kwa Bahati. Wakaendelea vile wiki na wiki.

Mutu asiniandikie hapa chini kama mwisho walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Lakini siku Bahati alijaribu kusimama na magongo yakateleza, sauti ya kwanza ilikuwa ya Maman Julienne: "Espe! Kimbia, ule mutu anaanguka!"

Espe alimudaka. Kisha alinivuta mu koridori, karibu acheze. "Umesikia, Mado? Amesema mutu!"

Huyu ndiye ugonjwa ya figo imetunyang'anya.

Nilienda kumuona mu mutaa ya Rwambuzi, kwa mama yake. Alikuwa amevimba, sauti kidogo. Nikamuuliza wazi, kwa sababu siye hatukufichana kitu: "Ile mambo ya Amma, inakusaidia sasa?"

"Niko naogopa, dada. Sitakudanganya. Lakini ile woga niko naiona. Na ule mwenye anaiona, yeye ametulia." Akapumzika, akauliza: "Na Maman Julienne, alianza kulima?"

Nikamuambia ndiyo, amepanda maharagi pembeni ya kambi ya watu walikimbia vita, anashika jembe kwa namna yake. Alitabasamu, akafunga macho. Jana alituacha, mama yake anamushika miguu.

Espe, falsafa yako sijaielewa yote. Lakini nilikuona ukiiishi. Mu muji yetu hii, siku hizi mutu anaulizwa kabila mbele ya jina. Weye uliuliza tu: unaumwa wapi?

Lala polepole, dada yangu. Wagonjwa wa kesho asubuhi, siye tutawainua.